Kipande cha sabuni kilichoniokoa kwenye sona

Aliyenishauri alikuwa na hakika kabisa: ukishapata sona, kile chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, dagaa unawahesabu kama kuku bandani. Nikamwamini. Siku ya kwanza tu, nje kidogo ya Tanga, nusura nilie.

Sona yetu ni ya kilohezi 38. Kichwa chake, kile kinachotoa sauti, tulikifunga kwenye boriti ya mkoko ubavuni mwa mashua, kama mita moja chini ya maji, kisinase mapovu ya mashine. Kabla ya kazi lazima uipime: unatungika gololi ya tangsteni kabidi, madini magumu, ya milimita 38.1 kwa mishipi mitatu, chini yake kabisa, halafu unatazama kama mwangwi wake unasoma karibu desibeli hasi 42, nguvu yake inayojulikana. Yangu ikasoma hasi 39, mara hasi 46, mara gololi haionekani. Nikabadilisha betri, nikabadilisha waya, nikamlaumu fundi aliyekuwa nyumbani kwake amelala. Adhuhuri ikanikuta hapohapo.

Nahodha alikuwa anatafuna karanga tu. "Mwanangu, maji yanakimbia hivi, hicho kidude kitatulia vipi?" Bamvua, siku za maji makubwa! Nilipanga tarehe bila kutazama mwezi, mimi mtoto wa pwani.

Tukahamia nyuma ya kisiwa, tukangoja maji yasimame. Gololi ikatulia, namba bado za ajabu. Nikaivuta juu: imejaa vipovu vidogo vidogo kama soda iliyomiminwa sasa hivi, na hewa kwa sona ina kelele kuliko chuma. Nikakumbuka dada mmoja alivyotuambia kwenye mafunzo. Nikamwomba mpishi kipande cha sabuni ya kufulia, nikaisugua gololi ndooni. Mabaharia hoi kwa kicheko: "Mtaalamu anaogesha gololi!" Nikaishusha. Hasi 42.3. Niliwageukia taratibu, sikusema neno.

Kipima joto na chumvi nacho usikiache bandarini. Chetu kilisoma nyuzi 28 na chumvi 35. Maji ya hivyo sauti huenda karibu mita 1,540 kwa sekunde, na sona yangu ilikuja imewekewa 1,500, nayo hupigia hesabu ya kina kwa mwendo huo. Ungeachia hivyo, kila kina kingekuwa cha uongo.

Kiburi hakikudumu. Magharibi ile wingu zito likaonekana kwenye skrini, mita 30 chini, linapanda kadiri jua linavyozama. Nikapiga kelele, dagaa hao! Nahodha akaguna. Wavu ukarudi na uteute, konyeza tele, wale wa rojorojo wanaowasha, na dagaa wa kujaza kiganja. Mikono iliniwasha hadi alfajiri. Tangu hapo siandiki samaki daftarini mpaka niwashike, niwapime urefu kwenye ubao, niwatie mizanini. Wakati wa giza la mwezi ndipo tulipowapata wa kweli, pamoja na vibua.

Mafuta yalikula kama laki mbili na kitu kwa usiku. Gololi iliagizwa ng'ambo, bei yake sikuthubutu kuuliza. Sabuni ilikuwa ya shilingi mia tano, na mpishi ananidai mpaka leo.