Shawa ya themostati kwa bei ya kawaida: nilivyofanya hapa Uyole

Naandika hii hasa kwa wenzangu wa Mbeya, Iringa, Makete na Njombe, maana wa Dar mnaweza msinielewe kwa nini mtu anahangaika na shawa kiasi hiki. Huku Uyole mwezi wa sita na wa saba maji ya kwenye simtanki alfajiri yanasoma nyuzi 13 au 14, nimeyapima mwenyewe kwa kile kipimajoto cha jikoni. Sasa hayo sio maji ya kumuogesha mtoto anayewahi shule, wala mama mkwe wangu aliyetoka Tukuyu kuja kukaa na sisi ili awe karibu na kliniki ya presha. Mama ni mtu mzima, kubeba ndoo hawezi na maji yakibadilika ghafla hana ule wepesi wa kuruka pembeni. Kwa hiyo nilichokuwa natafuta si maji ya moto peke yake, maji ya moto hata jiko la mkaa linatoa, nilitaka maji ambayo joto lake halibadiliki mtu akiwa ndani anaoga, na kwa hela ambayo familia ya kawaida inaweza kuitoa bila kukopa.

Wenye hita ya tangi na miksa ya kawaida, ile koki inayochanganya maji ya moto na ya baridi, mnalijua tatizo lenyewe. Mtu yuko bafuni, jikoni mtu anafungua koki au choo cha pili kinaflashiwa, maji ya baridi yanapungua kwenye shawa na ya moto yanabaki karibu peke yake. Kama hita imewekwa nyuzi 60 mtu mzima anaungua ndani ya kama sekunde 5 hivi, mtoto na mzee ni haraka zaidi maana ngozi zao ni nyembamba. Wengi watakwambia basi shusha hita iwe 45 yaishe, lakini ukishusha hivyo kwanza maji hayatoshi nyumba nzima, pili maji yakikaa vuguvugu muda mrefu kwenye tangi kuna bakteria wanaitwa legionella wanapenda sana hali hiyo, ndo maana inashauriwa tangi likae kwenye 60. Kwa hiyo maji yawe ya moto kweli kule kwenye tangi, afu yapozwe pale pale yanapotoka, na anayefanya kazi hiyo ndo miksa ya themostati.

Ndani yake kuna katriji, kidude kinachochomoleka, chenye nta. Nta ikipata joto inatanuka, inasukuma pistoni inayobana njia ya maji ya moto na kuachia ya baridi, maji yakipoa nta inasinyaa na pistoni inarudi, yaani inafanya hivyo muda wote unaoga na haitumii umeme wala betri. Ni kitu kilekile kilichopo kwenye injini ya gari, ile themostati ambayo mafundi wetu wengi gari likichemsha tu wanaing'oa wanatupa. Kwenye kitasa cha joto kuna namba, ukizungusha kikifika 38 kinagoma mpaka ubonyeze kakitufe, mara nyingi kekundu, ndo kinapita. Hako kakitufe ndo kalinifanya niamue, maana kwa mtoto wa miaka minne si rahisi kubonyeza na kuzungusha kwa wakati mmoja.

Sasa kwenda dukani. Nilizunguka Mwanjelwa, Kabwe mpaka Sokomatola, na ukiulizia shawa ya themostati unaletewa vitu vitatu tofauti kabisa na vyote utaambiwa ni themostati.

Cha kwanza ni instanti, ile shawa ya umeme inayochemsha maji pale pale kichwani. Hizi ndo za bei ndogo, kuanzia elfu 60 unapata, na sina ugomvi nazo ila zipigie hesabu kabla hujatoa hela. Nyingi zimeandikwa wati 5,400 au 5,500. Nguvu hiyo inaweza kupandisha maji yanayopita lita 3 kwa dakika kwa kama nyuzi 26, basi, haiwezi zaidi. Maji yako ya nyuzi 14 yanafika 40, sawa, lakini lita 3 kwa dakika ni maji ya kuchuruzika, sabuni haitoki mgongoni. Ukifungua zaidi ili yawe mengi yanakuja ya baridi. Wifi yangu yuko Mbagala anaisifia ya kwake mpaka basi na hadanganyi, maji yake yanaingia na nyuzi 27 hivi, anahitaji kuongeza 13 tu, kwa hiyo shawa ileile inampa yeye maji mara mbili ya yangu. Afu umeme wa jioni ukishuka nguvu, tuseme badala ya volti 230 zinakuja 200, nguvu ya hita inapungua karibu robo nzima, na jioni ndo kila mtu anataka kuoga. Namba moja mbili tatu zilizopo kwenye instanti sio themostati, zile ni hatua za nguvu ya umeme tu.

Na kitu kingine, usije ukaifunga miksa ya themostati baada ya instanti. Themostati ikichanganya maji ya baridi inapunguza maji yanayopita kwenye hita, maji yakipungua instanti inazidi kuchemsha au inajizima kabisa, inawaka tena, inazima tena, unaoga moto baridi moto baridi. Vitu hivyo viwili havikai pamoja.

Cha pili ni shawa yenye skrini inayoonyesha joto, zimejaa siku hizi na zinapendeza kweli. Kijana mmoja dukani akanifungulia boksi, "Hii ndo themostati yenyewe mama, ona inakuandikia mpaka nyuzi." Nikamuuliza, sasa maji ya baridi yakikatika ghafla itafanya nini? Akasema itaandika namba kubwa. Akawa mkweli. Ile inasoma joto na kukuonyesha, haizuii chochote, utasoma 55 huku umeshaungua. Kuna nyingine nzuri zenye vyote viwili ila bei yake ni nyingine.

Cha tatu ndo chenyewe, na utakitambua kwa vitasa: vinakuwa viwili, upande mmoja kufungua na kufunga maji, upande mwingine joto lenye namba na kile kitufe. Ukiona kishikio kimoja tu cha kupandisha na kuzungusha, hiyo ni miksa ya kawaida hata boksi liseme nini. Niliangalia pia kama imeandikwa EN 1111, hicho ni kiwango cha Ulaya cha miksa hizi, nikaishika mkononi kuona kama ina uzito wa shaba, na nikauliza kama katriji yake inauzwa peke yake. Hili swali la katriji lilinichujia maduka mengi sana. Mwenye duka mmoja, mzee wa makamo, ndo aliyekuwa nayo kweli, akaitoa kwenye droo akaiweka juu ya kaunta, kidude cha urefu wa kidole chenye vichujio viwili vidogo pembeni, akaniambia hii ikifa unabadilisha hii tu dada, huvunji ukuta. Kwake nilitajiwa laki 2 na nusu, tukaelewana 220,000. Zipo za chapa kubwa za Ulaya zinafika laki 5 na zaidi, sikuona cha ziada kwenye usalama ambacho kingenifanya nilipe mara mbili.

Lakini kabla ya kulipa niliomba nisome karatasi ya ndani, na hapo ndo penye jambo kubwa kuliko yote kwa nyumba zetu. Karatasi ilisema inahitaji presha isiyopungua baa 0.5. Baa 1 ni sawa na maji yaliyoinuliwa kama mita 10 kwenda juu. Sasa mnara wangu wa tenki una mita 4 na kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka chini, maana yake nina mita 2 tu za kusukuma maji, hiyo ni baa 0.2. Ungefunga hiyo miksa hivyo hivyo maji yangetoka kinyonge na themostati isingefanya kazi vizuri, afu lawama zote zingemwangukia fundi na duka. Nilikuwa na njia tatu: kupandisha mnara, ambapo ni vyuma na zege na hela nyingi, au kutafuta miksa maalum ya presha ndogo ambayo kwa hapa Mbeya sikuipata, au kuweka busta, kile kipampu kidogo cha wati 120 kinachojiwasha chenyewe ukifungua koki. Nikachukua busta, 130,000.

Mahali pa kuiweka hiyo busta msikosee. Fundi wangu alitaka kuiweka kwenye laini ya moto peke yake kwa sababu ndo inayokuwaga dhaifu, nikamwambia fundi hapana, iweke kwenye bomba linalotoka kwenye tenki kabla halijagawanyika, ili maji yanayokwenda kwenye hita na yanayokwenda moja kwa moja kwenye shawa yawe na msukumo sawa. Themostati inapenda pande mbili zilizo sawa. Ndo maana pia usichukue baridi kutoka bomba la mtaani na moto kutoka kwenye tenki, la mtaani likija na nguvu linaisukuma laini nyingine, na mgao ukikata hali inageuka. Alinielewa vizuri na akaongezea mwenyewe valvu za kuzuia maji kurudi nyuma.

Hita nilichukua ya tangi lita 50, wati 1,500, laki 3 na 80. Hesabu yake iko hivi: lita 50 kutoka nyuzi 14 hadi 60 zinakula kama unit 2.7 na zinachukua chini kidogo ya saa mbili, afu zikichanganywa na baridi kufika 40 unapata karibu lita 88, sisi watu wanne tunaoga asubuhi zinatosha. Kwa unit ya shilingi 350 na kitu hiyo ni karibu shilingi 950 kwa siku. Ila kama uko kwenye ile tarifu ndogo ya unit 75 kwa mwezi jua kabisa hita peke yake itazimaliza, utahamishwa tarifu, liweke hilo kwenye hesabu mapema. Faida nyingine ya wati 1,500 ni kwamba sikuhitaji waya mnene mpya kutoka kwenye mita, waya wa milimita 2.5 wenye breka yake na eathi inayofanya kazi kweli unatosha, wakati instanti inataka wa 4 au 6. Eathi msiifanyie mchezo, maji na umeme viko chumba kimoja.

Kufunga kwenyewe hakuna maajabu, paipu za PPR za kuchomelea, moto kushoto baridi kulia, zikiwa sentimita 15 kutoka kati ya moja hadi kati ya nyingine ili miksa ikae. Wakigeuza moto na baridi themostati haifanyi kazi kabisa, kwa hiyo kabla taili hazijarudishwa nilifungua kila upande nikashika kwa mkono. Na ile valvu ya usalama chini ya hita itadondosha matone maji yakipata moto, ni kawaida, maji yanatanuka. Mtu asiizibe hata siku moja.

Baada ya hapo tukaipima. Nilikinga maji kwenye jagi nikaweka kipimajoto, kitasa kikiwa 38 maji yakasoma 41. Kumbe kila nyumba inabidi iwekwe sawa na presha yake na karatasi inaeleza. Fundi akachomoa kifuniko cha kitasa, akazungusha jino la katriji pole pole huku mi namsomea namba, 40, 39, 38, akarudisha kitasa namba ikiwa pale pale. Nikamtuma mwanangu mkubwa akaflashi choo na kufungua koki ya jikoni kwa pamoja, kipimajoto kikashuka nyuzi moja kikarudi. La mwisho ndo nililokuwa nalisubiri: nikaacha mkono ndani ya maji, fundi akafunga koki ya baridi yote ghafla. Kwa sekunde chache maji yakapungua, yakabaki matone. Hayakuja ya moto. Usimlipe fundi hela ya mwisho kabla hujafanya hili jaribio, kama maji ya moto yanaendelea kutoka basi ama katriji ni mbovu ama laini zimegeuzwa.

Na vifaa vingine vidogo pamoja na ufundi jumla ilikaa chini kidogo ya milioni 1. Sola ya maji moto tuliiangalia, jua la kiangazi huku lipo hata baridi ikiwa kali, ila kwa bei niliyotajiwa ilibidi isubiri, na ikija miksa hii hii ndo itaifaa maana maji ya sola mchana yanaweza kupita nyuzi 70.

Mama sasa anaoga mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha plastiki na mlango umerudishwa tu. Siku ya kwanza alitoka akaniambia "ndaga fijo mwanangu", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na tangu hapo hajaniomba nimpelekee ndoo.

Matunzo ni madogo. Masika maji yakija na tope nafunga maji, nafungua vile vichujio nasuuza, na mara moja moja nazungusha kitasa cha joto kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ili katriji isigande kwenye namba moja. Umeme ukikatika busta inazima, pande zote mbili zinapungua pamoja, maji yanatoka kidogo kidogo lakini hayaunguzi.