Mafini za Tanga zilivyonishinda Njombe, na nilivyozirekebisha

"Ongeza beking pauda." Ushauri huu nimeusikia hadi nimeuchoka, kila nikilalamika kwamba mafini zangu zinabonyea. Shangazi yangu aliniambia kwa simu kutoka Tanga, muuza duka aliniambia akinipimia unga, na mwalimu mwenzangu akaniambia ofisini kwa sauti ya mtu mwenye hakika kabisa. Wote walinitakia mema, nawashukuru. Lakini kwa aliyehamia nyanda za juu akitokea pwani huo ni ushauri mbaya, na naandika haya ili mwingine asipoteze unga, mayai na mafuta kama nilivyopoteza mimi kwa kuusikiliza.

Nilihamishiwa Njombe mwezi wa sita, msimu ambao hata wenyeji wanavaa koti juu ya sweta na asubuhi unakuta barafu kwenye nyasi. Nafundisha sayansi. Watoto wangu walikuwa wamehama shule, wameacha marafiki, na wamekutana na maji ambayo huwezi kuyaoga bila kuyachemsha. Hata salamu ilikuwa ngeni kwao: unapita njiani, bibi anakuambia "Kamwene", wao wananiangalia mimi nijibu. Kitu walichokuwa wanakiulizia kila wiki ni mafini za Jumamosi, zile keki ndogo za vikombe nilizokuwa nawaokea nyumbani. Nikasema hizo hawatazikosa.

Oveni yangu ya umeme ilifika salama kwenye fuso, imefungwa na mablanketi. Baba mwenye nyumba alipoiona inashushwa, aliniambia hapo hapo: mita ya LUKU ni moja, tunachangia nyumba mbili, oveni hapana. Sikubishana. Oveni ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima inakula yuniti moja na nusu, na jirani yangu anatumia taa na redio tu. Ugomvi wa mita ya kuchangia nimeuona ukivunja ujirani wa watu wazima wenye heshima zao, na mimi nilikuwa mgeni pale. Oveni nimeiweka chumbani, nimepanga madaftari juu yake.

Basi ikawa mkaa. Mtu aliyelelewa na bibi wa Tanga hahitaji kufundishwa kupalia makaa: sufuria kubwa, mchanga chini, mfuniko wa bati, moto chini na moto juu, na wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Mchanga ulinipa kazi kidogo kwa sababu udongo wa huku ni mwekundu wa mfinyanzi, nikaenda kuomba kwa mafundi waliokuwa wanajenga kwenye barabara ya pili. Walinijazia ndoo bila kunidai kitu. Nikauchekecha, nikauosha, nikauanika. Mkaa wa huku ni mzuri sana, hasa wa miti ya miwati. Ni mzito, unakaa na moto, huhitaji kuongeza ongeza kama ule mwepesi.

Kilichonisumbua ni trei. Trei ya mafini ina pembe nne na matundu 12, sufuria ni duara. Haiingii, hata uilaze vipi. Nilizunguka madukani kutafuta trei ndogo, sikuona. Watu wakaniambia nitumie makopo ya nyanya, na kweli wapo wanaofanya hivyo, ila makopo mengi siku hizi yamepakwa kitu ndani na mimi sikutaka kukichoma na chakula cha watoto. Nikaichukua trei yangu nikaenda nayo sokoni kwa mafundi bati, wale wanaotengeneza majiko na karai.

Nilimkuta mzee mmoja, nikamwamkia, nikamweleza. Aliigeuza trei, akaigonga kwa kucha, akaniuliza sufuria ni namba ngapi. Sikuwa najua namba, nilikuwa nimepima mdomo wake kwa uzi, nikamtolea uzi. Akacheka kwa furaha, akasema mwalimu umekuja na kazi iliyopimwa. Alichukua mkasi wa bati akakata kila tundu peke yake, akaacha ukingo mdogo kuzunguka, halafu akaukunja ule ukingo na kuugonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka hakuna pa kukata kidole. Vikawa vikombe 12 vinavyojitegemea. Kisha akachukua mfuniko wa zamani wa sufuria, akaweka kikombe kimoja katikati, akavipanga vingine kukizunguka. Viliingia sita kamili. Mimi nilijua vitaingia sita, maana duara moja huzungukwa na maduara sita yanayolingana nalo, nimelichora mara nyingi ubaoni. Ila kuliona linatokea juu ya mfuniko wa sufuria, kwa mikono ya fundi ambaye hakuhitaji kuchora chochote, kulinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Akatoboa matundu saba, akaongeza vitundu vidogo katikati yao hewa ya moto ipite. Vikombe vinaning'inia kwa ukingo wao, mfuniko unakaa juu ya mawe matatu ndani ya sufuria, haugusi mchanga. Alinichaji elfu tano au sita hivi, na vikombe vilivyobaki nikarudi navyo vya akiba.

Sasa kuoka. Niliunga kwa vipimo vyangu vya miaka yote: unga vikombe viwili, sukari robo tatu ya kikombe, beking pauda vijiko vitatu vya chai, mayai mawili, maziwa kikombe kimoja, mafuta ya alizeti theluthi ya kikombe, chumvi na iliki. Zilipanda haraka, haraka kuliko Tanga. Nilipofunua baadaye zilikuwa zimebonyea katikati, pembeni kavu, ndani zinanata kwenye meno. Hapo ndipo nikapiga simu, nikauliza ofisini, nikauliza dukani, na kila mtu akaniambia hazijaumuka, ongeza beking pauda.

Nikaongeza. Rojo lilipanda likavuka ukingo, likamwagikia kwenye mchanga, likaungua, na moshi ukajaa uani. Kilichobaki kwenye vikombe kilikuwa mashimo matupu chenye ladha ya sabuni. Mdogo wangu wa mwisho aliyetusindikiza kuhamia alikula moja kwa heshima tu.

Niliyoyaona yakanifanya nifikiri kama mwalimu. Zingekuwa zimeshindwa kuumuka zisingevuka kikombe. Zilikuwa zinaumuka kupita kiasi, mapema, kabla yai na unga havijashika. Na nilikuwa na ushahidi mwingine jikoni. Maharage ya huku yalikuwa yananikalia jikoni muda mrefu ingawa maji yanachemka upesi. Na njiani tulipokuwa tunakuja, watoto walikuwa na pakiti za krispi tulizonunua Tanga. Tulipoanza kupanda mlima wa Kitonga zikaanza kuvimba, na tulipofika Mafinga zilikuwa zimekaza kama ngoma iliyowambwa. Hakuna aliyeongeza kitu ndani ya zile pakiti. Hewa ya nje ndiyo ilikuwa imepungua nguvu ya kuzikandamiza.

Njombe mjini uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa kukandamiza, hapa ni kama asilimia 80 ya ile ya Tanga. Maana yake gesi ile ile inayotoka kwenye kijiko kile kile cha beking pauda inachukua nafasi kubwa zaidi, karibu robo zaidi. Kijiko hakijabadilika, nguvu yake imezidi. Na maji hayasubiri kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Nilikiazima kipimajoto cha maabara nikakitia kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kikasoma 93. Kwa hiyo rojo linakauka upesi, sukari inabaki nyingi kuliko maji yaliyopo, na sukari ikizidi keki haisimami, inalegea na kubonyea. Kila kitu nilichokiona kikawa na sababu. Dawa ilikuwa kupunguza, tena kupunguza vitu viwili, na kuongeza kimoja ambacho hakuna aliyenitajia.

Beking pauda nimeishusha kutoka vijiko vitatu hadi viwili vya chai, na viwe vya kusawazishwa kwa kisu, visiwe vya mlima. Sukari natoa vijiko viwili vikubwa. Maziwa naongeza vijiko vikubwa vitatu, wakati mwingine vinne kama unga ni mkavu sana. Basi. Wapo wanaoongeza na unga kijiko kikubwa kimoja. Nimejaribu, haidhuru, lakini si lazima. Na moto uwe mkali kidogo kuliko niliozoea, ili keki ishike kabla haijapanda kupita kiasi.

Moto wa mkaa naupima kwa unga. Nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiweke ndani ya sufuria iliyokwisha kupata moto, funika. Ukigeuka kahawia ya mbali ndani ya dakika tano hivi, weka mafini. Ukibaki mweupe, ongeza makaa juu. Ukiungua, punguza. Mtu akikuambia utie mkono ndani uhesabu, usimsikilize. Mikono ya watu haivumilii moto sawasawa.

Baridi nayo ina mambo yake. Tanga siagi inalainika yenyewe mezani. Huku inakaa ngumu siku nzima, ukiiyeyusha na kuimimina kwenye maziwa na mayai ya baridi inaganda tena vipande vipande hapo hapo. Ndiyo maana nabaki na mafuta ya alizeti. Ukitaka siagi kwa ajili ya ladha, na mimi kwa wageni naitia, mayai yalaze kwanza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu na maziwa yapashe moto kidogo. Ndizi zinazotoka Tukuyu zikiiva ni nzuri ajabu kwa mafini, ila kwa baridi ya huku hubaki mbichi muda mrefu. Mimi naziweka kwenye ungo karibu na jiko. Ukitia ndizi mbili zilizopondwa, yale maziwa ya ziada punguza.

Na kuchanganya: vitu vikavu bakuli moja, vya maji bakuli jingine, kisha unaviunganisha kwa mwiko mara chache tu, vibonge vidogo vikibaki viache. Ukikoroga kama keki ya harusi zinakuwa ngumu na zina mapango ndani. Mimi naoka saba saba, kwa hiyo sichanganyi zote pamoja. Naunganisha nusu, naoka, zikikaribia kuiva ndipo naunganisha nusu ya pili. Rojo likikaa linasubiri zamu, gesi inapotea na duru ya pili inatoka fupi.

Kuna ushauri mwingine niliopewa na huu si wa unga kuharibika, ni wa maisha. Mtu aliniona naoka uani natetemeka, akasema ingiza jiko ndani, funga mlango, uoke huku mnaota moto. Tafadhali sana usifanye hivyo. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kinaweza kuua familia nzima usingizini. Huku baridi inawashawishi watu kila mwaka. Mimi naokea kibarazani penye paa na upande mmoja wazi, navaa koti, najifunga khanga kichwani, na jiko haliingii ndani hata makaa yakiwa yameanza kufifia. Watoto wangu nimewafundisha hilo kabla sijawaonyesha kisima kiko wapi.

Za kwanza zilizotoka sawasawa nilizigawa. Kwetu ukihamia mahali unapeleka sahani kwa jirani, na nilianza na huyu tunayechangia naye mita. Kichwa cha mafini kilikuwa cha duara, kimepasuka juu kidogo na mvuke wa iliki unatoka kwenye ule ufa, nikaikata mbele yake aone ndani palivyoiva. Alikula amesimama mlangoni, akaita wanawe. Sahani ilirudi na parachichi, kubwa za huku, na siku iliyofuata akaja kuniuliza kama naweza kumwokea za ubatizo wa mjukuu wake, atanunua vifaa vyote. Nimemwokea. Mwalimu mwenzangu wa ofisini naye alizila, akaniuliza nimeongeza beking pauda kiasi gani. Nilimwonyesha kijiko, nikamweleza habari ya pakiti za krispi, na kesho yake akamsimulia kila mtu.

Shangazi yangu sasa anataka vipimo vipya kwa sababu nimemtumia picha. Nimemkatalia. Tanga yuko usawa wa bahari. Akitia vijiko viwili na maziwa ya ziada atapata mkate mzito wa kumrushia mwizi. Yeye aendelee na vijiko vyake vitatu.