Kamba ya Kisima

Jumamosi nilimfokea kijana wa watu mpaka majirani wakachungulia ukutani. Fundi alikuwa chini, futi kama 25, anatuchimbia kisima hapa Pasua, Moshi. Saidia fundi amekaa ukingoni, kamba ameikanyaga kwa kandambili, mikono yote miwili iko kwenye simu. Nilimwambia maneno ambayo hata mwanangu sijawahi kumwambia. Fundi akauliza kutoka shimoni, "Kuna nini huko juu?" Nikakosa la kumjibu.

Iliyonichoma ni ile kamba chini ya unyayo.

Habari za Ufini nimeshazisimulia sana humu, baridi yake na upweke wake. Hii ya ziwani niliiruka kila mara.

Kozi ya kuzamia chini ya barafu haimpokei anayeanza. PADI, shirika linalotoa vyeti vya uzamiaji, wanataka uwe umetimiza miaka 18, uwe na cheti zaidi ya kile cha mwanzo, kisha uzame chini ya barafu mara 3. Siku ya kwanza hatukuingia majini kabisa. Tulikata tundu la pembetatu kwa msumeno wa injini, kwa sababu kwenye kona mtu hupata pa kuegemeza viwiko akajiinua. Tukafagia theluji tukachora mishale ya kuelekea tunduni, ili mwanga upenye na aliye chini aone njia ya kurudi. Kisha kamba. Kwetu mvuto 1 ulikuwa niko salama, 2 nipe kamba, 3 narudi, 4 nitoe. Tukaonywa tusivute pumzi kwenye regulata, kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi, tukiwa bado nje, kwani unyevu wa pumzi huganda ndani yake, vali ikang'ang'ania wazi na hewa ikamwagika yote.

Mimi nilivuta. Pumzi moja tu, kuijaribu.

Ilikuwa mzamo wa tatu. Mapovu yangu yalipanda yakagota kwenye dari la barafu, yakatambaa huko kama zebaki, hayana pa kutokea. Nikayatazama kwa furaha ambayo hadi leo siwezi kuieleza. Halafu regulata ikalipuka mdomoni, hewa ikanipiga mashavuni kwa kishindo, sioni chochote ila weupe wa mapovu. Nikaitupa, nikapapasa ile ya pili shingoni, nikaing'ata. Mwalimu alishageuka, akafunga vali ya ile iliyolipuka, nyuma ya kichwa changu. Sasa nikashika kamba nikavuta mara 4.

Kimya.

Nikavuta tena. Kamba ikanijia mkononi, laini, nyepesi, inaelea mbele ya uso wangu kama utumbo. Mtu aliyefungiwa kamba huwa ana imani kwamba ng'ambo ya pili yupo mtu. Pale nilijua hayupo. Sikuwaza kufa. Nilimwaza mama yangu akipokea simu asiyoielewa lugha yake.

Mwalimu akanikamata mkono, tukaufuata ule ulegevu kuelekea kwenye mwanga. Tulipokaribia, ghafla kamba ikakaza, ikaninyanyua.

Nilitoa kichwa kabla ya mwalimu. Mwenzangu wa kozi aliyekuwa zamu ya kamba alikuwa na mkono mmoja mtupu, mwekundu kwa baridi, glovu iko juu ya theluji, kipande cha kamba bado kimebanwa na buti lake. Tukatazamana. Mwalimu alipoibuka, glovu ilishavaliwa.

Baadaye mwalimu akauliza kwa nini kamba ililegea. Yule akasema ilinasa kwenye ukingo wa barafu. Mwalimu akanigeukia mimi. Mwenzangu yule ndiye aliyenipa koti lake wiki ya kwanza, nilipokuwa sina. Nikainamisha kichwa, nikasema huenda ilinasa.

Sote wawili tulipata vyeti. Kadi yangu iko kwenye droo, chini ya risiti za maji. Ya kwake sijui inamfikisha kwenye maziwa gani, wala ni nani huwa chini anapokuwa zamu. Hilo ndilo huniamsha, kuliko yale mapovu.

Mchana ule saidia fundi alirudi ukingoni, akajizungushia kamba mkononi, hakunitazama tena. Jioni nilipokuwa nawahesabia hela yao, akaniuliza kwa adabu:

"Samahani mzee, kwani wewe ulishawahi kushuka shimoni?"

Nikamwambia nilishashuka, si kisimani, ila nilishashuka.

"Nani alikushikia kamba?"