Sukari ya Baa

Juu ya mlango mkubwa wa nyumba yetu pale Kisutu, Dar es Salaam, palikuwa na mwaka uliofinyangwa kwa saruji, 1938, na chini yake jina la baba mkwe wa Baa, bibi wa Kihindi wa ghorofani. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, jina lilibaki ukutani, nyumba ikaenda kwa Msajili wa Majumba. Baa akawa mpangaji kwao. Sisi tulipewa vyumba vya chini kwa kuwa baba alikuwa karani wa shirika la umma. Enzi za mkoloni, mtu kama yeye alivuka Mnazi Mmoja asubuhi kuja Uhindini kufanya kazi, jioni akarudi Kariakoo kulala.

Wote tulimwita Baa, kama wajukuu zake walivyomwita. Sahani zilipanda na kushuka ngazi kila sikukuu, lakini miguu iliishia kizingitini. Mama hakuwahi kuketi sebuleni kwake, wala yeye kwetu.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka tisa. Sukari ilikuwa ya foleni kwenye duka la kaya, na ukifika dirishani unaweza kuambiwa imekwisha. Sokoine, Waziri Mkuu, akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wakaingiwa hofu, wengine wakatupa bidhaa usiku. Mtaani neno mhujumu likawa kama jina jingine la Mhindi, ingawa mlanguzi tuliyemjua sisi watoto, wa nyumba ya pili, alikuwa mweusi kama sisi.

Usiku mmoja mlango uligongwa kidogo sana, kama kwa kucha. Baa, miguu mitupu, na mjukuu wake nyuma amekumbatia gunia.

"Mama, hii sukari ya harusi ya mtoto. Kidogo kidogo, mwaka mzima mimi naweka. Kwenu wao hapana ingia."

Mama alinyamaza. Hadi leo naikumbuka ile "kwenu", na najua mama aliisikia kama nilivyoisikia. Kisha akasogea pembeni, Baa akapita. Ndiyo mara ya kwanza aliketi kwetu, ukingoni mwa kiti, akishikilia ncha ya sari yake isiguse sakafu. Hata chai hatukumpa. Tungetia sukari gani?

Baba aliporudi na kulikuta gunia chini ya kitanda, aling'aka kwa sauti ya chini.

"Unataka nifungwe kwa sukari ya Mhindi?"

"Basi kesho haitakuwa gunia," mama akajibu.

Alfajiri akaanza kupima kwa kopo la maziwa. Kazi ya kupeleka ikawa yangu, bakuli limefunikwa kanga. Nilipeleka kwa mama wa Kigoa aliyepiga taipu bandarini. Alipokea bila swali, akalificha nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Nilipeleka kwa Mshihiri muuza kahawa, ambaye alicheka mpaka akakohoa, akasema mwaka mzima anauza kahawa chungu na leo ndiyo analetewa sukari asiyoruhusiwa kuionja. Mzee Mmakonde, mlinzi wetu wa uani, alikataa katakata. Kwa mlinzi, alisema, ndiko wanakoanzia kupekua. Alikuwa na haki. Bakuli lake likarudi kwetu.

Kila ngazi nililamba kidole. Sikumwambia mtu.

Hakuja yeyote kupekua. Wiki ya harusi mabakuli yakapanda tena, mama akapima upya kwa kopo lilelile. Yalipungua makopo mawili. Alinitazama kitambo, akaenda kwenye mtungi wetu wa sukari, akaukung'uta wote ndani ya gunia. Tulikunywa chai ya chumvi siku nne.

Harusini tulialikwa, tukawekwa viti vya nyuma karibu na jiko. Siku ya pili Baa mwenyewe alishusha sahani ya ladu tamu, akaingia bila kugonga. Baba alichukua moja, akaigeuzageuza.

"Hii ndiyo ile?"

"Kula," mama akamwambia.