Sekunde Tisini na Mtu wa Miraba Minne

Mara ya kwanza nilipomsogelea mwanamieleka na maikrofoni, nilimuuliza jina lake halisi. Alikuwa nyuma ya meza anauza fulana, kinyago chekundu usoni, kifua wazi, bega limefungwa barafu kwa nailoni ile ya kufunikia vyakula. Nikaongeza swali la pili: mchana unafanya kazi gani? Alinitazama kupitia matundu ya kinyago, akaichukua maikrofoni yangu kwa vidole viwili, akailaza mezani taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha watu, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu. Hakutamka neno.

Usiku ule nilirudi nyumbani bila hata sauti moja ya maana. Leo ninazo nyingi, fupifupi, na zinachekesha kweli. Nataka nieleze nilivyofika hapa, maana naona vijana wetu wengi wanaopenda mieleka wanajaribu kuhoji hawa watu na wanakwama palepale nilipokwama mimi.

Naishi Louisville, Kentucky. Kiswahili hapa hukikosi: Wakongo, Warundi waliopitia kambi za Tanzania, Wakenya, na sisi watu wa Kigoma. Watoto wa majirani zangu wanajua mieleka kuliko wanavyojua mpira, na siwalaumu, wako kwenye mji wenyewe. Ohio Valley Wrestling, kampuni ya mieleka yenye shule yake ya kunoa wapya, ni ya hapahapa. John Cena, Batista, Brock Lesnar na Randy Orton wote walinolewa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla dunia haijawajua. Ukienda Lexington, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari, ndiko baba yake Randy Savage, yule nyota wa mieleka wa miaka ya 80, alikokuwa na kampuni yake ya mieleka mwishoni mwa miaka ya 70, na Savage mwenyewe akapigana humo na mdogo wake.

Mimi mieleka niliikuta Ujiji, kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, jasho, televisheni moja, na mtafsiri. Waliokaa kwenye vibanda vile wanajua mtafsiri alikuwa nani. Jitu linabwata Kiingereza, yeye analiwekea maneno ya mtaani kwetu, na sisi tunaanguka kwa kicheko. Kwa hiyo wazo langu lilikuwa dogo tu: nirekodi mazungumzo mafupi na wanamieleka wa maonyesho madogo ya huku, yale ya kumbi za shule na ya vikosi vya zimamoto, upande huu wa mto Ohio na ule wa Indiana, halafu juu yake niweke sauti yangu ya Kiswahili, niwatumie watoto wa mtaani kwangu.

Kosa langu la kwanza alinionyesha mzee mmoja aliyekuwa meza ya tatu kutoka kwa yule wa kinyago. Ana miaka sitini na kitu, masikio yamesinyaa kama maua ya koliflawa, anauza picha zake za ujana. Aliona yote. Akaniita, akasema: "Kijana, umemwambia mtu avue nguo mbele ya wateja wake." Ndipo akanieleza neno kayfabe. Ni neno lao la zamani la kazi, maana yake kulinda hadithi. Ukishatoka na kinyago, wewe ni yule wa kinyago, ulingoni, mezani, hata kituo cha mafuta. Siku hizi kila mtu anajua matokeo hupangwa, lakini mlango ule bado haufunguliwi kwa teke.

Nilimwambia mzee kwetu ngoma za mizimu ziko hivyohivyo. Aliyevaa mzimu haulizwi mtoto wa nani. Alicheka sana, akaniuzia picha kwa dola kumi. Hiyo ndiyo ada yangu ya shule, na tangu siku hiyo sijawahi kumhoji mtu kabla sijanunua kitu mezani kwake. Wengi wao usiku mzima wanalipwa pesa ya mafuta ya gari tu. Fulana na picha ndizo zinazolisha nyumba.

Nikarudi nyumbani nikasoma upya mazungumzo niliyoyapenda utotoni. Nilimtazama zaidi Gene Okerlund, mhojaji mfupi, kipara, mwenye suti ya sherehe, aliyesimama pembeni ya majitu ya WWF, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ambayo siku hizi inaitwa WWE, miaka ya 80. Kuna mahojiano ya mwaka 1987, Randy Savage anatoa vikopo vidogo vya krimu ya kahawa, vile vya mgahawani vya plastiki, kimoja baada ya kingine, anavinyanyua mbele ya kamera anaeleza kwamba yeye ndiye krimu, na krimu siku zote hupanda juu. Misuli, miwani, kofia, sauti ya kukwaruza, na mkononi kikopo kidogo kuliko kidole gumba chake. Okerlund ameshika maikrofoni, uso mkavu. Nilirudia kipande kile mpaka betri ya simu ikaisha, kwa sababu somo lote limo humo. Kichekesho hakiko kwenye jitu peke yake. Kiko kwenye jitu na kikopo. Na mhojaji asikose adabu akacheka kwanza.

Basi nikaanza kupeleka vikopo. Maana yake maswali ya nyumbani, madogo kabisa, yaulizwe kwa uzito wote, ndani ya hadithi ya mhusika mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa pande la mtu ambaye mtangazaji husema ametoka katika shimo lisilo na mwisho. Kilo mia na sitini, uso umepakwa masizi. Nilimwamkia kwa heshima, nikanunua fulana, nikauliza:

"Huko shimoni kwenu, asubuhi mnakunywa chai ya rangi au ya maziwa?"

Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze. Kisha kwa sauti ya chini kabisa: "Shimoni hakuna maziwa. Ng'ombe walikimbia."

"Na sukari?"

"Sukari ipo. Mimi ni mnyama, sio mshenzi."

Sekunde ishirini na saba. Niliisambaza usiku uleule, na asubuhi mama mmoja Mrundi alinisimamisha kwenye duka la mchele akasema wanawe wamekataa chai ya maziwa, wanasema ng'ombe wamekimbia.

Kuna dada mmoja ambaye kazi yake ulingoni ni kuchukiwa, kucha ndefu kama miiba ya nungunungu. Nikamuuliza, kopo la soda unalifunguaje na kucha hizo? Akasema, "Silifungui. Nalitazama, linajifungua lenyewe kwa woga." Nilipotafsiri hilo sikuongeza hata silabi. Lilikuja likiwa Kiswahili tayari.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni mfalme. Huyu anaingia na joho la zambarau lenye manyoya shingoni, anawaambia watu wa Indiana kwamba wananuka, wanamzomea, anafurahi. Nilimkuta mapumzikoni. Alikuwa ametoka kupigwa makofi ya kifua, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona alama ya kiganja upande wa kushoto: vidole vinne na gumba, vyekundu, vimevimba, mpaka mkunjo wa kidole cha kati unaonekana. Wanaosema mieleka ni maigizo matupu wasimame hapo nilipokuwa nimesimama. Ushindi umepangwa, ndiyo. Ile sakafu ya ulingo ni mbao juu ya vyuma, sponji nyembamba na turubai, na mgongo wa mtu haujui kama kuna mpango.

Nilitaka kumwonea huruma. Nikajizuia, kwa sababu mfalme hahitaji huruma ya raia. Nikauliza, "Mtukufu, nani anakushonea majoho?"

Macho yakamtoka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mama yangu," akanong'ona. Halafu akapaza sauti: "Na ukimwambia mtu yeyote nitakuvunja mikono yote miwili!"

Foleni nzima ilikuwa imesikia. Aliporudi ulingoni kipindi cha pili, kona moja ya ukumbi ikaanza kumwimbia mama yake, ikafuata ya pili, mwishowe ukumbi wote. Yeye akaziba masikio, akapiga magoti, akamlilia refa awanyamazishe. Akapigwa kwa sababu ya kuziba masikio. Nilijikunyata kwenye kiti nikidhani nimemharibia kazi. Baada ya onyesho, watu wakifunga viti, alinifuata bila joho, ana begi mgongoni, akanishika bega. Alisema ameifanya kazi hii miaka kumi na moja na hajawahi kupewa kitu kizuri namna ile bure. Watu wamepata cha kumzomea nacho. Mwezi uliofuata joho lilikuja na maandishi ya uzi wa dhahabu mgongoni: neno la mama.

Toka hapo nikaelewa kwamba simchukulii mtu kitu ninapomhoji, nampa. Swali zuri ni silaha anayoondoka nayo. Ndiyo maana sasa siku moja kabla ya onyesho nakaa na daftari nafikiria kila mmoja: huyu anakosa nini? Mchawi huyu hajawahi kuulizwa kama ana leseni ya udereva ya ufagio. Hawa pacha wawili wabaya hawajaulizwa nani alizaliwa kwanza. (Nilipowauliza, waligombana mbele ya maikrofoni dakika nzima, na ugomvi wenyewe wakauingiza ulingoni.)

Mambo mengine ya kazi nayapitia haraka. Omba ruhusa kwa mwenye onyesho kabla ya siku. Usimsogelee mtu aliyetoka ulingoni sasa hivi, hana pumzi, wala anayekaribia kuingia, maana kichwani anapanga namna ya kumshusha mwenzake salama. Wakati mzuri ni mapumziko. Swali lisizidi maneno kumi. Maikrofoni ya kubana kwenye shati haifai, wanapenda kunyang'anya maikrofoni, kwa hiyo beba ya kushika mkononi na usiing'ang'anie. Na usicheke. Bana mashavu kwa meno ukibidi, utacheka ndani ya gari.

Lipo jambo moja limenikaa moyoni siku zote kama Mswahili. Mieleka ya Marekani imetutumia sana bila kutuuliza. Kamala, "Jitu la Uganda", aliyepigana na Undertaker uwanja wa Wembley mwaka 1992, mkuki mkononi, tumbo limechorwa nyota na mwezi, alikuwa James Harris wa Mississippi. Kazi yake ilikuwa kutosema: mtu mzima, mcheshi kwa waliomjua, akanyimwa maikrofoni kwa sababu Mwafrika wa hadithi yao hakuwa na lugha. Na mwaka 1990 Tony Atlas, ambaye mwaka 1983 pamoja na Rocky Johnson walikuwa watu weusi wa kwanza kushika mkanda wa ubingwa wa timu za watu wawili wa WWF, alirudishwa ulingoni na manyoya na ngao akiitwa Saba Simba. Saba Simba! Hata simba saba hawakupata mtu wa kuwapangia sawasawa. Mswahili mmoja tu angekuwepo kwenye chumba kile, angetosha.

Kwa hiyo nilipompata kijana wa Louisville, mweusi, futi sita na nusu, shingo kama gogo la mvule, aliyetaka kauli moja ya kutisha ya Kiswahili sahihi, sikulala. Babu yake alikuwa akimpeleka kutazama mieleka akiwa mdogo, na jina la Kamala lilimchoma kama linavyonichoma mimi. Nikampigia mama Ujiji. "Mama, nipe maneno ya kumtisha mtu lakini sio matusi." Akafikiri kidogo. "Mwambie nitakukunja kama mkeka nikukalie."

Tulifanya mazoezi kwenye egesho la magari, robo saa. *Ng'* zote za kwetu zilikuwa mlima kwake, kwa hiyo nilishukuru mama hakuchagua neno la kung'oa. "Nitakukunja kama mkeka nikukalie." Akauliza mkeka ni nini. Nikamwonyesha picha ya ukindu. Akauliza, "Na nikishamkunja nakaa upande gani?" Nilimwambia hilo ndilo swali langu la leo kwako, nijibu ndani.

Safu ya tatu nilikuwa nimewakalisha watoto kumi na wanne wa mtaani, mchanganyiko wa Bujumbura, Uvira, Mombasa na Louisville. Sikuwaambia kitu. Mpinzani akatukana, kijana akachukua maikrofoni, ukumbi ukamzomea mpinzani, akasubiri kutulie. Akasema polepole, kila silabi mahali pake:

"Nitakukunja kama mkeka. Nikukalie."

Watu wa Indiana walinyamaza wakitazamana. Safu ya tatu ikasimama juu ya viti. Kitoto kimoja cha Kirundi, ambacho shuleni husemwa hakiongei, kilipiga kelele kwa sauti iliyofika darini: "Mkalie! Mkalie!"

Na akamkalia. Mgongoni, amekunja miguu kama mtu wa barazani, mkono mmoja anaomba kahawa. Nilikimbilia kando ya ulingo na maikrofoni: "Mkeka vipi?" Akaugusagusa mgongo wa mwenzake. "Mgumu," alisema kwa Kiingereza. "Unahitaji kuanikwa."

Ananitaka nimletee kauli nyingine kwa onyesho la mwezi ujao. Mama ameshatuma tatu kwa sauti, na moja lazima nimwombe airudie, maana alikuwa anacheka hata neno la mwisho halisikiki.