Nilivyolithamini sanduku la katuni la mjomba, Masasi

Ukitaka kutaja bei ya jarida la katuni la zamani, lisome kwanza mpaka ukurasa wa nyuma. Ndivyo nilivyofanya mjomba wangu aliponipa kazi ya kuthamini sanduku lake. Aliachiwa na mwalimu Mwingereza aliyerudi kwao miaka ya sabini, likakaa chumba cha nyuma pamoja na magunia ya korosho hadi mnunuzi mmoja alipokuja kutoka Dar es Salaam, akapekua juu juu na kutaka kulibeba lote kwa bei ya jumla kama belo la mtumba. Mjomba akanipigia simu Mtwara: "Mpwa wangu, njoo uyaangalie haya kabla sijampa mtu jibu."

Ndani nilikuta majarida ya Kimarekani ya miaka ya sitini, Tales of Suspense na Strange Tales, na chini yake yale ya Uingereza yaliyokuwa yakitoka kila wiki, The Mighty World of Marvel. Yote ni ya mchanganyiko: shujaa mmoja ana hadithi yake mbele, mwingine anafuata nyuma. Mpangilio huo ulitokana na biashara. Majarida ya Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, yalisambazwa na Independent News, kampuni iliyokuwa mikononi mwa wapinzani wao, DC, na idadi ya majarida kwa mwezi iliwekewa ukomo. Mashujaa wakapangwa wawili wawili. Tangu toleo namba 59 la mwaka 1964, Iron Man na Captain America waligawana Tales of Suspense mpaka 1968, ukomo ulipolegezwa na kila mmoja akapata jarida lake.

Kwa sababu hiyo jalada peke yake halitoshi. Strange Tales namba 110, ya Julai 1963, imepambwa na Human Torch kwa nje, lakini kinachowafanya watu wapigane bei ni kurasa tano za ndani ambamo Doctor Strange anatokea kwa mara ya kwanza. Spider-Man naye alianzia katika jarida la mchanganyiko, Amazing Fantasy namba 15 la Agosti 1962. Nakala moja iliyotunzwa vizuri ajabu iliuzwa dola milioni 3.6 kwenye mnada Marekani mwaka 2021. Mjomba hakuwa na hizo mbili. Alikuwa na Tales of Suspense namba 57, ya Septemba 1964, ambamo shujaa Hawkeye anatokea kwa mara ya kwanza. Mnunuzi alikuwa ameichanganya na nyingine zote.

Kadhaa kati ya zile za Kimarekani zilichapwa bei ya 9d, yaani peni tisa za Uingereza, mahali pa senti 12. Mnunuzi alimwambia mjomba kuwa hizo ni nakala za kurudiwa. Si kweli. Zilichapwa Marekani, wakati uleule na zile za senti, zikabadilishwa bei tu kwa ajili ya soko la Uingereza. Marudio halisi ni yale ya kila wiki yaliyoanza 1972, ambayo yalichapa upya hadithi za miaka ya sitini. Hayo bei yake ni ndogo, isipokuwa namba za mwanzo, hasa zikiwa bado na zawadi iliyotolewa pamoja nazo.

Kazi iliyonichukua muda ni kukagua hali. Nilihesabu kurasa 32 za ndani kwa kila jarida la Kimarekani, kwa sababu karatasi ya katikati huchomoka bila mtu kujua. Niligeuza kila tangazo kuona kama kuna kuponi iliyokatwa, maana tundu dogo la mkasi linaangusha bei vibaya. Nikatazama pini za mgongoni: zikishika kutu, kutu inakula karatasi. Hapa Masasi ndiko kulikoyaokoa. Hewa ya huku ni kavu kuliko ya pwani, na pini nyingi bado zinang'aa. Jamaa walinishauri niyahamishie kwangu Mtwara mjini, nikakataa kabisa. Upepo wa bahari na unyevu wa pwani vingeyamaliza.

Niliyatoa sakafuni na kuyaondoa karibu na ukuta, nikayasimamisha ndani ya boksi, kila moja katika mfuko wa plastiki ya polipropilini pamoja na kadi isiyo na asidi niliyoagiza. Niliweka na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Palipochanika nilipaacha hivyo hivyo. Selotepu huacha gundi ya njano isiyotoka, na mnunuzi makini anaiona mara moja.

Ndipo nikaja kwenye bei. Wakusanyaji hutumia alama kuanzia 0.5 hadi 10, na kitabu cha bei cha Overstreet kinatoka tangu 1970. Mimi niliangalia zaidi bei ambazo watu wamelipa kweli kwenye minada ya mtandaoni, kwa jarida lilelile na hali ileile. Bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu. Namba 57 ya mjomba jalada lake limeachia pini moja na kona zimekunjika, nami nikaipa 3. Hata kwa alama hiyo, peke yake ilizidi kiasi alichotajiwa kwa sanduku zima.

Nilimwandikia mjomba orodha kwa mkono: jina, namba, mwaka, kasoro, bei ya chini ya kukubali. Mnunuzi aliporudi, mjomba alimsomea mstari kwa mstari. Wakaelewana kwa yale ya kila wiki. Ya Kimarekani yamebaki Masasi, na namba 57 tunamsubiri binamu anayesafiri aipeleke kwa CGC, kampuni ya Marekani inayopanga alama tangu 2000, ikapimwe na kufungwa kwenye kasha lake.