Unguja hadi Chake kwa ndege

Jamani, leo nimekwenda Pemba kwa ndege. Shangazi anaumwa, boti ya Mkoani sikuweza kuisubiri. Kutoka kiwanja cha ndege cha Unguja, pale Kiembesamaki, hadi kiwanja cha Chake Chake, Pemba, ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, na angani ni nusu saa hivi. Ndege yenyewe ndogo, ya injini moja. Nimekaa nyuma ya rubani, mishale ya vipimo vya ndege naiona ikitikisika tukiingia mawinguni. Kushoto kisiwa kidogo cha Mnemba na mwamba wake, maji ya kijani mpauko, kisha bahari inageuka buluu nzito mpaka vilima vya mikarafuu vinatokeza. Mwenye mgonjwa na nauli anayo, apande. Ila mizigo inapimwa kwa kilo. Kapu la shangazi nusura liachwe.